Mwanvita Anarudia Somo

Nianze kwa kusema ukweli: mimi sikutaka kubadilisha kozi yangu. Nimefundisha Takwimu za Msingi miaka kumi na minne kwa noti zilezile, waliofaulu wakafaulu, waliofeli wakafeli, maisha yakaendelea. Halafu mwaka jana, katika darasa la wanafunzi sitini na mmoja, wakafeli ishirini na watatu. Daktari Wilfred, mkuu wa idara yetu, akaniita ofisini kwake, akanisogezea orodha ya majina kwa ncha ya kidole.

"Filomena," akasema, "hawa ishirini na watatu wote ni wajinga?"

"Wengine ni wavivu," nikamjibu.

Hakucheka. Akanipeleka semina. Siku tatu nzima hotelini kule karibu na Msamvu, tunabandika vikaratasi vya rangi ukutani, na binti mmoja kutoka Dar, umri wa mwanangu wa mwisho, anatuuliza, "Walimu, mnajisikiaje mnapokuwa hamuelewi?" Jamani! Mimi niliyesoma kwa kibatari leo naulizwa nilijisikiaje! Lakini semina iliisha na agizo likabaki palepale. Kozi isukwe upya, iwe jumuishi. Mwalimu aandike tafakari yake baada ya kila kipindi, na wanafunzi waandike zao. Wale waliofeli watafutwe mmoja mmoja, waulizwe somo liliwaacha wapi, kisha wakaribishwe kurudia. Nisipofanya, somo anapewa mwingine.

Nikafanya. Nina mdomo, najua, lakini kazi yangu siichezei. Nikakaa na simu siku mbili, nikawapata ishirini na wawili. Aliyebaki alikuwa Mwanvita Pazi, mwenyeji wa Matombo. Simu yake iliita mpaka ikakatika, mara nne. Ya tano ikapokelewa. Nikasikia mvua kubwa inapiga bati, na mjini kwetu jua lilikuwa linachoma. Nikajitambulisha, nikaeleza kwamba kozi inaanza upya Jumatatu.

"Nitakuja, Madam," sauti ya msichana ikasema. "Nilikuwa sijamaliza."

Nikaweka alama ya vema mbele ya jina lake, nikaenda kula.

Darasa letu liko nyuma kabisa ya chuo na madirisha yake yanatazama mlima. Mwezi wa kumi na moja ukungu wa Uluguru ukishuka unafika mpaka kwenye uzio wetu, na saa nane mchana unalazimika kuwasha taa. Jumatatu ile ulikuwa umeshuka. Nikapanga viti duara kama tulivyofundishwa semina, nikawaambia wanafunzi kila mmoja ataje jina lake na aseme kitu kimoja anachoomba mwalimu afanye ili yeye asiachwe nyuma. Mmoja akaomba noti zitumwe mapema. Mwingine akaomba Madam apunguze kufoka, darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka kidogo ili nionekane jumuishi.

Tukafika dirishani. Alikuwa amekaa binti mwembamba, mtandio wa kijani, mikono juu ya mapaja.

"Naitwa Mwanvita Pazi," akasema kwa lafudhi ya watu wa mlimani, ile inayopandisha sauti mwishoni. "Naomba Madam akisema kalamu chini, aje aseme akiwa mbele yangu."

Watu wakacheka tena. Mimi sikucheka, maana nilijua anachosema.

Mtihani wa mwisho wa mwaka jana, muda ulipoisha, nilitangaza kalamu chini mara mbili. Binti mmoja pale dirishani akaendelea kuandika. Nikamwendea kwa hasira, nikaivuta karatasi chini ya mkono wake, kalamu ikachora mstari mrefu mpaka ukingoni. Akaniambia hakusikia, kwamba sikio lake la kushoto halisikii kabisa. Na mimi, mbele ya watu sitini, nikamuuliza, "Na la kulia lilikuwa limekwenda sokoni?" Ukumbi mzima ukacheka. Nilifurahia utani wangu ule. Nilikwenda kuusimulia hata ofisi ya walimu wakati wa chai.

Sasa nikamtazama huyu wa mtandio wa kijani, na hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza. Sikuweza kusema ni yeye au siye. Nilikuwa nimemfundisha wiki kumi na tano. Nakumbuka mkono, nakumbuka karatasi, nakumbuka maneno yangu mwenyewe neno kwa neno. Sura sikuwa nayo. Yesu na Maria, sura yake sikuwahi kuitazama.

Kipindi kilipoisha, George akanifuata korido. George ni kijana wa Njombe, mlinda mlango wa timu ya chuo, mtu mzima wa kifua, naye alikuwa mmoja wa wale wanaorudia. Jasho lilikuwa linamtiririka na kulikuwa na baridi.

"Madam, yule siye Mwanvita."

"Ni nani?"

"Sijui ni nani. Mwanvita alifariki mwezi wa nane. Tulichangishana rambirambi kwenye grupu. Tulikwenda watano kumzika, Madam, mimi udongo nilitupa kwa mkono wangu huu."

Nikamfokea. Ndivyo nilivyo, nikiogopa nafoka. Nikamwambia aache mambo ya kihuni, kisha nikaenda moja kwa moja ofisi ya usajili. Jina la Mwanvita Pazi lilikuwepo, hai, hakuna aliyewahi kuleta taarifa ya msiba. Picha yenyewe ndogo kama stempu: msichana amejitanda mtandio, macho mbele, anaweza kuwa binti yeyote wa Matombo. Kesho yake nikamwomba yule binti kitambulisho chake. Akakitoa. Kilikuwa chenyewe.

"Wewe ni Mwanvita?" nikamuuliza.

"Ndiyo, Madam," akajibu bila kusita, na wala hakukasirika kuulizwa.

Wiki zikaenda. Sikumwambia Daktari Wilfred. Ningemwambia nini? Kwamba nina mwanafunzi aliyekufa, au kwamba nina mwanafunzi nisiyemjua sura? Yote mawili yalikuwa aibu. Lakini wanafunzi waliijua habari, na habari ya namna hiyo haihitaji kutangazwa. Wale wanaorudia walihamia upande wa mlangoni. Kisha wanafunzi wapya nao wakaanza kusogea. Ikafika mahali duara langu likawa na pengo, viti viwili vitupu kulia kwake na viwili kushoto, na yeye katikati anaandika kwa utulivu na ukungu uko mgongoni kwake kwenye kioo. Nilijaribu kuwapanga kwa vikundi. Kikundi chake kilikuja siku moja, wiki iliyofuata wote wakaugua.

Halafu yakaja madaftari ya tafakari. Kila mwanafunzi alitakiwa kuandika ukurasa mmoja juu ya alichojifunza. Nilikuwa ofisini kwangu saa sita mchana, mlango wazi, watu wanapita, nayasoma moja baada ya jingine. La Mwanvita lilianza katikati, kwa herufi ndogo, kama vile ukurasa wa mbele umechanwa: *hautuambii ni nani aliyelala njaa.* Halafu nukta. Halafu chini yake tafakari yenyewe, nzuri tu, ya kawaida.

Nikatafuta ukurasa uliochanwa, haukuwepo. Nikakaa nikiitazama ile sentensi isiyo na kichwa. Kisha nikainuka kwenda kwenye kabati langu la mitihani. Kabati lile lina kufuli, na ufunguo unakaa kwenye pochi yangu, pochi inakaa begani. Nikatoa bunda la mwaka jana, nikaitafuta karatasi ya Mwanvita Pazi, alama kumi na saba kwa mia. Swali la nne lilihusu kijiji chenye wastani wa magunia sita kwa kila kaya, na liliuliza kama wastani huo unatosha kueleza hali ya kijiji. Alikuwa amejibu: *Inawezekana nyumba mbili zimevuna sana na nyingine hazikupata kitu, kwa hiyo wastani* — na hapo ukaanza ule mstari mrefu, mpaka ukingoni, pale nilipoivuta.

Nikaziweka karatasi mbili sambamba mezani. Kwa hiyo wastani hautuambii ni nani aliyelala njaa.

Sitasema mwandiko ulikuwa mmoja. Mabinti waliofundishwa shule moja miandiko yao hufanana. Ninachosema ni kwamba sentensi ilikuwa moja, na nusu yake ilikuwa imefungiwa kwangu.

Lakini kilichonitisha zaidi kilikuwa sikio. Wiki ya kwanza George alinong'ona kitu nyuma ya bega lake la kushoto, binti akageuka papo hapo. Nililiona hilo kwa macho yangu na nikaliandika kwenye tafakari yangu ya siku ile, kwamba huyu anasikia vizuri. Wiki ya nne akawa anainamisha kichwa, sikio la kulia mbele. Nikadhani anaigiza. Wiki ya sita nilipita nyuma yake nikaangusha makusudi kitabu kizito sakafuni, upande wa kushoto. Darasa zima liliruka. Yeye aliendelea kuandika.

Jumamosi nikawasha kigari changu nikaenda Matombo.

Ukishapita Bigwa na Mkuyuni barabara inakuwa ni ya kuomba Mungu. Mashimo, matope mekundu, migomba pande zote mbili, na malori ya ndizi yanayoteremka na kurudi nyuma bila kukuuliza. Nikauliza nyumba ya marehemu Mwanvita Pazi dukani. Muuzaji akanitazama vibaya.

"Marehemu yupi, mama? Mwanvita yuko chuoni Morogoro." Halafu akanielekeza kwa mkono. "Kwa Mama Mwanvita ni pale, kwenye mdalasini."

Nyumba ilikuwa kando ya barabara, bati safi, uwanja umefagiliwa. Mama Mwanvita alikuwa mwanamke mrefu, uso wa huruma, akanipokea kwa mikono miwili. Aliposikia mimi ni mwalimu wa takwimu akataka kunishikia miguu. Ndani alikuwepo kaka yake mkubwa, Mzee Stambuli, msemaji wa ukoo wa upande wa mama. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikakaribishwa kiti. Pembeni mwa chumba ilikuwepo cherehani. Chini ya sindano kulikuwa na gauni la mtoto limeshonwa upande mmoja, na vumbi lilikuwa limetanda juu ya kitambaa.

Sikuweza kuzunguka maneno. "Mzee wangu," nikasema, "nimeambiwa Mwanvita alifariki."

"Alifariki," Mzee Stambuli akasema. "Agosti, hapo barabarani. Lori lilikuwa linarudi nyuma. Lilipiga honi, mwalimu, sisi tulioko bondeni tuliisikia."

"Lilikuwa upande wake wa kushoto," Mama Mwanvita akaongeza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Sasa anayekuja darasani kwangu ni nani?"

Wakatazamana, kama watu walioulizwa maji yanatoka wapi.

"Mwanvita," mama akasema.

Mzee Stambuli akanieleza taratibu, kama mimi ninavyopaswa kueleza darasani na sielezi. Katika ukoo wao mtu akifa jina lake halifukiwi. Arobaini ikifika, baada ya hitima, ukoo unakaa na kumchagua wa kulishika. Anayelishika anavikwa nguo za marehemu, analala kitanda chake, na kila alichokiacha nusu anakibeba yeye. Watoto wa marehemu wanakuwa watoto wake. Ugomvi wake unakuwa ugomvi wake. Si kuigiza, akasisitiza. Ni yeye.

"Wengine huacha shamba halijapaliliwa," akasema. "Huyu wetu aliacha somo lako. Siku ile ya arobaini tulikuwa tunajiuliza tutalipataje hilo somo, wakati chuo kimeshamfelisha. Wiki chache baadaye simu yake ikaita, ni wewe, mwalimu, unamwita arudi. Tulisujudu."

Kumbe mimi ndiye niliyempigia simu! Mimi na semina yangu.

"Na huyu aliyelishika jina," nikauliza, "yeye mwenyewe ni nani?"

"Alikuwa mdogo wake. Zawadi." Mama Mwanvita alilitaja lile jina kwa shida kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka jirani aliyehama. "Alikuwa anashona."

"Yuko wapi sasa?"

"Alitoa nafasi."

"Mama, sikio lake la kushoto linakufa. Alikuja kwangu anasikia vizuri, sasa hasikii kitabu kikianguka."

Na yule mama akatabasamu. Sitalisahau tabasamu lile, maana halikuwa la ubaya, lilikuwa la mama yeyote anayesifiwa mtoto. "Najua," akasema. "Alipokuja likizo nilimwita kwa kushoto, hakugeuka. Nililia, mwalimu. Nikasema Alhamdulillahi, sasa anarudi vizuri."

"Lori hilo bado linapita hapo nje!" Nikajikuta nimesimama, nafoka katika nyumba ya watu. "Mnamtaka na huyu naye?"

Mzee Stambuli hakupandisha sauti. Akaniambia nikae, ninywe chai. Chai ilikuwa na mdalasini mwingi, na nje honi ikapiga, ndefu, nikamwaga nusu ya kikombe kwenye sketi yangu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa najisemea peke yangu. Ningeweza kuripoti. Binti angefukuzwa kwa udanganyifu, na angerudi kule akiwa Mwanvita aliyefukuzwa, na somo lililobaki nusu angelibeba maisha yake yote. Ningeweza kunyamaza, naye angeendelea kuzama kidogo kidogo, sikio leo, kesho sijui nini. Nilimtaka Zawadi atoke. Sikuwahi kumtakia mwanafunzi yeyote kitu namna ile. Na nilijua kwamba kama kuna wa kuanza, ni mimi, maana sentensi niliikata mimi.

Jumatatu nikasimama katikati ya duara, nikalisimulia darasa kisa cha mtihani ule. Nikasema nilichomwambia Mwanvita, utani wangu wote, wala sikuupunguza. Nikasema ulikuwa ukatili, na kwamba naomba msamaha mbele ya watu kama nilivyomdhalilisha mbele ya watu. Hakuna aliyecheka. Nikamtazama binti wa dirishani.

"Nimekusamehe, Madam," akasema. Nani kati yao alisema, mimi sijui. Ila George aliinuka, akabeba kiti chake, akaja kukaa karibu naye, upande wa kulia ili amsikie. Nilitaka kumkumbatia yule kijana.

Baada ya kipindi nikamwita binti ofisini. Nikafunga mlango, nikakaa mbele yake, usawa wa sikio linalosikia.

"Nimetoka Matombo," nikasema. "Sikuiti Mwanvita wala sikuiti Zawadi. Nakuuliza wewe. Wewe unataka nini?"

Alianza kusokota ncha ya mtandio, anaikunja na kuikunjua, inchi kwa inchi, kama mtu anayepima pindo.

"Sijawahi kuulizwa hivyo," akasema mwishowe.

"Basi leo nakuuliza."

"Kuna siku naamka sijui mikono hii ilikuwa inajua kufanya nini." Machozi yakamtoka bila uso wake kubadilika. "Nikikaa kwenye cherehani naogopa sindano."

Nikamshika mikono. Nikamwambia nimefikiria. Mtihani wa mwisho uko wiki tatu mbele. Akiandika Mwanvita juu ya karatasi, nitaisahihisha kama ya Mwanvita, somo litakuwa limekwisha na hakuna atakayesikia kwangu. Akiandika Zawadi, nitakwenda mwenyewe kwa Daktari Wilfred na kwa mkuu wa chuo, nitabeba lawama yote mimi, nitakwenda hata Matombo kuzungumza na mjomba, na mwakani ataingia chuo kwa jina lake, hata kama ni fani ya ushonaji mahali pengine. Nitamlea kama wangu. Nilisema hivyo kabisa, kama wangu.

"Kwa hiyo nachagua jina," akasema.

"Unachagua wewe, peke yako."

Akaitikia kwa kichwa, akafuta macho, akaniamkia tena shikamoo kama ndiyo kwanza tunaonana, akatoka.

Wiki zile tatu sikulala vizuri. Ule mtihani niliutunga kwa makini kuliko yote niliyowahi kutunga. Muda niliuandika ubaoni kwa herufi kubwa. Dakika kumi za mwisho nilipita meza kwa meza na kadi, nikiiweka mbele ya kila mmoja, bila kusema neno. Na swali la mwisho, la tano, lilikuwa la wote, halina jibu la kitabuni: *Ni nani aliyeachwa nje ya somo hili, na tumfanyie nini?* Nilikuwa nimeliandika kwa ajili yake. Nilitaka awe na mahali pa kuomba msaada kwa maandishi, kama mdomo utamshinda.

Muda ulipoisha nilikwenda nikasimama mbele yake. Alikuwa ameshaweka kalamu chini. Karatasi ilikuwa imefunikwa kifudifudi, akanipa kwa mikono miwili. Nikaenda nayo ofisini chini ya kwapa pamoja na nyingine zote, nikafunga mlango, nikaanza na yake.

*Mwanvita Pazi.* Limeandikwa vizuri, limepigiwa mstari kwa rula.

Nikasahihisha. Kila swali lilikuwa zuri. Nikafika la tano.

*Aliyeachwa nje ni Zawadi. Madam asihangaike naye. Zawadi aliishi miaka kumi na tisa na mama yake hakuwahi kumtazama kama anavyonitazama mimi sasa. Aliposhona alisifiwa kitambaa. Mimi nikifika tu mlangoni napikiwa. Zawadi akirudi atakuta nyumba haina mtu anayemsubiri. Madam ni mtu mwema, aliniuliza ninataka nini. Nataka kupendwa. Tumfanyie nini? Tumwache.*

Nililia, kwa sauti, mpaka jirani yangu wa ofisi akagonga ukuta kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia ni mafua. Nilikuwa nimemwahidi kuchagua, na amechagua. Nilikasirika na yule mama, nikakasirika na mjomba, nikajikasirikia mimi zaidi, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyemlazimisha. Nikaandika sabini na nne. Nikasaini.

Daktari Wilfred alifurahi mno. Wastani wa darasa ulikuwa umepanda kutoka arobaini na moja hadi sitini na tatu, akalipeleka faili langu lisomwe na idara nyingine kama mfano. Nikapigiwa makofi kwenye kikao. Nilikaa pale natazama meza.

Ijumaa ya matokeo, Mama Mwanvita alikuja chuoni. Nilimkuta kwenye uwanja mbele ya ubao wa matangazo, amevaa kanga mpya, mkungu wa ndizi uko miguuni pake. Binti yake alikuwa amemshika mkono. Sijawahi kumwona mtoto anayemeremeta namna ile.

"Mwalimu!" mama akanikumbatia, ananukia karafuu. "Mungu akulipe. Umenirudishia mwanangu."

Ningeacha hapo. Mtu mwenye akili angeacha hapo. Lakini nilitaka walau mtu mmoja alitaje lile jina kabla halijaisha.

"Na Zawadi, mama?" nikauliza. "Hajambo?"

Akaniangalia kwa adabu, akakunja uso, akatafuta. Niliona kabisa anatafuta, kwa moyo safi, na hapati kitu.

"Zawadi wa kwa nani, mwalimu?"

Nyuma ya bega lake binti alikuwa anaitazama midomo yangu. Akanitikisia kichwa, polepole, mara moja, ananiomba.

"Nimechanganya majina, mama," nikasema, nikainama nikaupokea mkungu wa ndizi.